Neno la Kwenye Kitambaa

Wewe unayenisikiliza, hebu niambie: mumeo akikupa jina la Kizungu, ukalipenda, ukalidarizi kwenye kitambaa cha meza, ukaishi nalo miaka arobaini na tano, halafu mtoto wa kidato cha tatu akakwambia hilo ni tusi, ungeanza kumuuliza nani?

Mimi niliweka pasi chini kwanza, maana ilikuwa ya mkaa na ingeunguza.

Ilikuwa Jumatatu, likizo ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya nyuma ya jiko. Jumapili yake mchungaji na wazee wa kanisa walikuwa waje kwetu hapa Masukulu kwa ibada ya shukrani. Mimi na Baba Edward tumetimiza miaka arobaini na sita ya ndoa. Mchungaji alishatueleza utaratibu: baada ya sala mume atasimama aseme neno juu ya mke wake, kisha mke naye atasema lake. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa vitambaa vyangu vyote sandukuni, nikavifua kwa sabuni ya mche, nikavitia wanga, nikawa navinyoosha kimoja kimoja. Kile kikubwa cha meza nilikiacha cha mwisho kwa sababu ndicho ninachokipenda. Kina waridi nne kwenye pembe, majani yake ya kijani cha aina mbili, na katikati kuna neno nililolidarizi kwa uzi wa bluu mwaka themanini na tatu, kwenye darasa la ushonaji la akina mama: IDIOTI. Herufi sita, kila moja ndefu kama kidole changu cha kati.

Prisca, mtoto wa mwanangu Edward, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi.

"Bibi, hicho kitambaa ulishonewa na nani?"

"Nishonewe? Mikono hii hii."

"Na hilo neno?"

"Jina langu. Si unamsikia babu yako anavyoniita?"

"Namsikia, lakini nilidhani ni Kinyakyusa."

"Kinyakyusa gani! Kizungu hicho. Alikitoa kiwandani kwenye chai."

Mtoto akacheka, kisha nikaona kicheko kinaishia mdomoni. Akaweka kisu ndani ya beseni la maganda.

"Bibi, usinikasirikie. Hilo ni tusi."

"Tusi la namna gani?"

"La kumwambia mtu hana akili."

Nikamwambia, mbona wazungu wana maneno mengi ya hivyo, na mengine hata ni ya mzaha? Mimi nimeishia darasa la saba lakini nimekulia karibu na mashamba ya chai, nilishawahi kusikia fuli na stupidi tangu sijavunja ungo. Prisca akaanza kunihesabia kwa vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu.

"Haya sikiliza. Kuna sili. Sili ni mtu amevaa kandambili ya kulia mguu wa kushoto, mnacheka, yanaisha. Kuna fuli. Huyo ameambiwa chungu ni cha moto na bado akashika. Kuna stupidi, huyo ukimwambia ni kama unaongea na ukuta, na ukimwita mtu hivyo mnaweza mkashikana mashati. Halafu ndiyo idioti."

"Idioti yeye ana nini?"

"Yeye amevuka, bibi. Huyo ni kama akili zilipogawiwa hakuwepo kabisa. Shuleni kwetu kuna mwalimu alimwita mwanafunzi hivyo, wazazi wakaja juu, kikao kikakaa kutwa nzima."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima. Na soda waliziacha mezani."

Nikakunja kitambaa bila kukimaliza. Nikamwambia aendelee na ndizi.

Sasa nikueleze nilivyolipata jina lenyewe. Mwaka sabini na tisa Edward alikuwa na miezi miwili. Baba Edward, jina lake Jairo, alikuwa fundi wa mashine za kukaushia chai. Siku moja alitoka asubuhi akasahau koti lake la mvua kwenye msumari. Saa sita mvua ikaanza, ile mvua yetu ya Rungwe isiyo na haraka. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni, nikamfunika kwa jani la mgomba, nikatembea saa mbili kumpelekea koti. Mlinzi akakataa nisiingie. Nikasimama getini. Saa kumi kasorobo nikaona Landrova ya mke wa meneja inaingia, ikanirushia tope mpaka magotini, yule mama wa kizungu ameshika chupa ya chai mapajani. Saa kumi na nusu wakatoka wafanyakazi. Jairo akaniona. Akasimama mbele yangu muda mrefu, kisha akanyoosha kola ya gauni langu iliyokuwa imelowa, akasema taratibu, "Idioti." Akavaa koti, akamchukua mtoto, tukarudi.

Jinsi alivyolisema, mwenzangu, sikuhitaji tafsiri. Kuanzia hapo ikawa Idioti njoo uone, Idioti kuna maji ya moto? Wanaume wa rika lake walikuwa wanawaita wake zao "wewe" au mama fulani, mimi nina jina la peke yangu. Nilijivuna nalo. Niliwaambia mpaka wenzangu wa kwaya.

Jumanne nilipalilia tuta moja la maharage mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta majani ya kung'oa na hayapo. Nikaenda kuchota maji, nikarudi na ndoo tupu. Prisca akawa ananifuata nyuma kama kuku anayefuata mtama, "Bibi, ningejua nisingesema." Nikamwambia, "Umesema vizuri, acha kunikanyagia matuta." Lakini moyo haukutulia. Nilikuwa napita sebuleni, natazama meza iliyo tupu, natoka, narudi tena kuitazama.

Jumatano nikapanda bodaboda mpaka Makandana kwa Mwalimu Hosea, nimembebea mkungu wa ndizi. Yeye ndiye aliyemfundisha Edward Kiingereza, na alikuwa akija kwetu mara kwa mara kabla miguu haijaanza kumsumbua. Nilimkuta kibarazani amevaa sweta mbili, ya juu imefungwa vifungo vibaya.

Tukasalimiana, tukaulizana habari za miguu na za ng'ombe. Kisha nikamuuliza, "Mwalimu, umekunywa chai kwangu mara ngapi?"

"Haihesabiki, Mama Edward."

"Na kile kitambaa changu cha meza ulikuwa unakisoma?"

Mwalimu akatazama vifungo vyake. Akaanza kuvifungua na kuvifunga upya, sasa vizuri.

"Nilikuwa naweka sahani juu yake," akasema.

"Sahani!"

"Kusudi lisionekane. Mwaka wa kwanza nilidhani ni jina la ukoo wenu wa kule Suma. Baadaye nikamsikia mzee anakuita. Sasa ningesemaje? Na wewe ulikuwa unaitika unatabasamu."

Nikamwambia alivyonihesabia Prisca: sili, fuli, stupidi, idioti, kutoka jepesi mpaka zito. Akasema mtoto amepanga vizuri, lakini amepanga kama wanavyopanga darasani. Akaniuliza, "Sisi wenyewe tunayo mangapi? Mjinga, zuzu, bwege, juha, mpumbavu, punguani. Je, mzee Jairo umeshawahi kumwita bwege?"

"Hata juzi, alipotia chumvi kwenye chai."

"Alikasirika?"

"Alicheka, akainywa."

"Na punguani?"

"Mwalimu! Punguani simwiti hata mbuzi."

"Umeona? Hayo ni yetu, tumenyonya nayo, ndiyo maana hatukosei kupima. La mwenzio unalichukua huna mizani yake. Hilo idioti zamani lilikuwa hata neno la madaktari. Lakini nimesikia wazungu marafiki wanaitana hivyo huku wanapigana mabega. Inategemea limetoka kwa nani kwenda kwa nani. Likitoka kwa bosi kwenda kwa mtu wake wa chini, hilo ni kofi. Mzee alilisikia kwa nani?"

Hapo sasa ndipo aliponimaliza. Miaka yote sikuwahi kujiuliza. Kiwandani nani alikuwa anasema Kizungu kama siyo meneja? Na meneja alikuwa akisema na nani kama siyo watu wa mashine?

"Mwulize mwenyewe," mwalimu akasema. "Mimi sikuwepo."

Nilirudi nimeshika chuma cha nyuma cha bodaboda mpaka vidole vikafa ganzi. Nikawa nawaza hivi: basi Jairo alipigwa kofi la maneno mchana kutwa, jioni akalibeba, akalileta getini akanipa mimi niliyelowa na mtoto mgongoni. Na mimi nikalidarizi kwa uzi wa bluu.

Alhamisi nikachukua sindano na wembe, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaanza kufumua. Nikatoa I. Nikatoa D. Uzi ulitoka mzima mzima, haujaoza, maana nilinunua ule mzuri. Lakini nikikiinua kitambaa juu, matundu ya sindano yalibaki, na chini ya uzi nguo ilikuwa nyeupe zaidi, kwa hiyo bado unasoma. Nikaacha. Nikakikunja na sindano yake ndani.

Ijumaa akaniita, "Idioti, kuna maji ya moto?"

Nikanyamaza. Nikaendelea kupepeta mchele ambao nilishaupepeta.

"Idioti!"

Akaita mara ya tatu, kisha akaja mwenyewe jikoni, mrefu yule, akainama mlangoni kwa desturi yake.

"Masikio yanauma?"

"Masikio mazima, Baba Edward. Maji hayo kwenye birika."

Akanitazama, akatazama ungo, akamimina maji akatoka. Siku nzima hakuniita tena kwa jina lolote. Na hilo nalo likanisumbua. Nilikuwa nategea sikio kama mtu anayesubiri gari.

Jumamosi mchana Prisca alikwenda dukani kuchukua sukari. Jairo alikuwa sebuleni anatengeneza mwavuli, amepanga vijiti vyake mezani.

"Kile kitambaa kiko wapi? Kesho wageni."

Nikakileta. Nikakikunjua mbele yake, juu ya vijiti vyake. Maua manne, na IOTI.

Akapitisha kidole pale palipokuwa na herufi mbili.

"Umefumua."

"Nimeanza. Baba Edward, kiwandani nani alikuwa anakuita hivyo?"

"Mimi? Hakuna."

"Usinifiche. Meneja?"

"Meneja alikuwa na maneno yake. Ukichelewa, fuli. Fuli lilikuwa kama salamu, tulishalizoea, sisi kwa sisi tulikuwa tunaitana bladifuli tunacheka. Ukiingiza majani mabichi kwenye kikaushio, stupidi. Ukisikia stupidi, ujue mnyapara ameshaandika jina lako, kesho unakaa nyumbani. Mwenzetu Ambindwile aliitwa stupidi Jumanne, Jumatano akarudi kwao. Tulikuwa tunaliogopa hilo. Lakini idioti hakumwita mtu wa kazi hata siku moja."

"Ulilitoa wapi basi?"

Akaokota kijiti kimoja, akakikunja, akakinyoosha.

"Kwa mke wake. Siku ile ile uliyoleta koti. Meneja alisahau miwani yake nyumbani, siku nzima anagombana na kila mtu kwa sababu hasomi vipimo. Saa kumi mama akaingia na chupa ya chai, akaitoa miwani mfukoni, akamvalisha. Halafu akamnyoosha kola, hivi, akamwambia, idioti. Na yule mtu, Mama Edward, mtu ambaye tukisikia viatu vyake tunazima hata kikohozi, aliinamisha shingo kama ndama. Nikasema, hee. Kumbe wenzetu ndivyo wanavyosema."

"Wanavyosema nini?"

Akaanza kutafuta uzi wa mwavuli, na uzi uko mbele yake.

Mimi hasira ilishapungua nusu, lakini kuna kitu kikanirudia. "Subiri. Aliyesahau miwani ni mwanamume. Mke ndiye aliyeleta."

"Ndiyo."

"Na aliyesahau koti ni wewe. Mimi ndiye niliyeleta."

Akafikiri.

"Basi idioti ulikuwa wewe!" nikamwambia.

Nakwambia tulicheka mpaka vijiti vikaanguka chini. Lakini kicheko kilipokwisha nilimwona hanitazami. Ukiishi na mtu muda huo unajua akiwa bado ana kitu moyoni.

"Sema," nikamwambia.

"Edward aliniambia maana yake. Alikuwa kidato cha pili."

Nikahesabu. Karibu miaka thelathini. "Ulikuwa unajua? Miaka yote hiyo unaniita na unajua?"

"Ulishashona. Ungefumua, ungelia."

"Ungeacha tu kuniita!"

"Ningeacha hilo," akasema polepole, "ningelazimika kusema lile lenyewe."

"Lipi?"

Akasimama. Akasema ng'ombe hajanyweshwa. Ng'ombe ambaye nilimnywesha mimi asubuhi na yeye akaniona. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Kesho ukiniita hivyo mbele ya watu, sitasimama. Mchungaji atakaa anasubiri."

"Nitakuitaje?"

"Nina jina."

"Nalijua jina lako."

"Basi."

Jumapili walikuja, sebule ikajaa, wengine wakakaa nje kwenye mabenchi ya kuazima. Kitambaa nilikitandika hivyo hivyo, kwa sababu meza ile ina doa kubwa la mafuta ya taa na sikuwa na kingine cha kuienea. Mke wa mchungaji aliinamia waridi, akazisifu, kisha akauliza, "Na Ioti ni nani?" Prisca akakimbilia jikoni kwa kicheko. Nikasema ni kazi ambayo haijaisha.

Wakati wa maneno ukafika. Jairo akasimama, kofia mkononi, koti lake la suti lenye harufu ya sanduku. Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa mke huyu. Anapika vizuri. Hajawahi kuchelewesha chakula." Akakaa. Watu wakapiga makofi. Hakuniita idioti, ni kweli. Hakuniita chochote.

Ikawa zamu yangu, nami nikasimama nikasema, namshukuru Mungu kwa mume huyu, anatengeneza vitu na havirudi kuharibika. Nikakaa. Wakapiga makofi tena. Tukala ndizi kwa nyama, tukanywa chai ya maziwa, wakaimba, wakaaga.

Saa kumi hivi mvua ndogo ikaanza. Prisca alikuwa anarudisha mabenchi kwa jirani. Mimi nilikuwa uani nasugua sufuria, siioni hata sufuria yenyewe, nasugua tu. Nilikuwa najiambia, Tupokigwe, una wajukuu sita, unataka nini tena, mtu amekula chakula chako miaka arobaini na sita. Na bado mkono ulikuwa unasugua mahali pale pale.

Nikasikia hatua zake. Alikuja na ule mwavuli alioutengeneza, akaufungua juu yangu. Kijiti kimoja kilikuwa kimekosewa, upande ule maji yalikuwa yanamwagikia yeye begani. Hakusogea.

Akanyoosha mkono mwingine, akashika kola ya sweta langu, akaikunjua pale ilipojikunja. Nikajua linakuja lile lile. Nikaacha kusugua, nikajiandaa kukasirika, na ndani yangu, nisikufiche, nilikuwa nalitaka.

Midomo yake ikatangulia bila sauti, kama ya mtoto anayesomeshwa.

"Tupokigwe," akasema.

Sikuitika. Niliogopa nikiitika ataacha.

"Siku ile getini," akasema, "umelowa, na mtoto mgongoni. Nilitaka kukwambia nimefurahi umekuja. Nilifurahi mpaka nikaona aibu."